Bure si huria: unaponunua programu unapewa nini hasa?

Siku mbili kabla ya tarehe 14 Oktoba 2025 nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi ya daladala. Nilimkuta kasimama mbele ya kompyuta yake ya kuprintia, mikono kiunoni, na wateja wawili wanasubiri na fleshi zao mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa. Hii mashine inazima saa ngapi?"

Kwenye skrini palikuwa na tangazo kwamba Windows 10, programu kuu inayoiendesha kompyuta hiyo, inafika mwisho wa huduma, na chini yake neno jingine: kompyuta hii haina sifa za kupokea Windows 11. Kijana wa duka la jirani alishamhakikishia kuwa saa sita usiku ya tarehe 14 kompyuta zote za namna hiyo zitakufa, na kwamba yeye anazo nyingine, used za Dubai, bei maelewano.

Mama hakuwa mjinga kuamini. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliposema itazima simu feki, zilizimwa kweli, na watu wakaamka na vipande vya plastiki mkononi. Mwisho wa 2012 waliposema matangazo ya analojia yanakoma Dar es Salaam, yalikoma, na asiye na king'amuzi akabaki anaangalia chenga. Kwetu tarehe ya kuzima huwa ni tarehe ya kuzima. Hii ya Windows ni habari ya aina nyingine, na kwa sababu imezungumzwa ovyo mitaani, nataka niifumue pole pole. Ukiifumua unafika kwenye jambo kubwa zaidi: haki yako juu ya programu unayoitumia kila siku.

Kilichokoma tarehe 14 ni marekebisho. Windows ni maandishi, mamilioni ya mistari iliyoandikwa na watu, na watu hukosea. Makosa mengine ni matundu ambayo mwizi akiyajua anapita. Tangu Julai 2015 Microsoft walikuwa wanaziba matundu ya Windows 10 kila mwezi. Ndizo zile apdeti zinazokula bando na kukuwekea asilimia kwenye skrini wakati mteja ana haraka. Baada ya tarehe 14, tundu likigunduliwa linabaki wazi. Mashine inawaka kama jana, inaprinti kama jana. Ni kama nyumba ambayo mlinzi kaacha kazi: usiku wa kwanza huoni tofauti yoyote, wa pili pia.

Wanaodhani hilo ni jambo dogo wakumbuke Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya laki mbili, nchi zipatazo 150, kikadai malipo ya kuyafungua. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya tundu kilimopitia ilikuwa imetolewa tangu Machi, miezi miwili nyuma. Wengi walioumia walikuwa hawajaapdeti, au walikuwa na Windows iliyokwisha kuachwa kama ya mama inavyoachwa sasa.

Kwa hiyo kwa nini asihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 inadai kijichipu cha kutunza funguo za siri kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za Intel kuanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kuuzwa 2017. Mashine ya mama ina umri kuzidi huo. Ina RAM ya giga 8, haijawahi kumsumbua, inatoa kopi mia mbili kwa siku kipindi cha usaili wa ajira. Ulitolewa muda wa nyongeza, mwaka mmoja hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila kulipa ukikubali kuunganisha mashine na akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, shauri lako.

Nilipomweleza hayo alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo ndilo limenikalisha niandike.

"Lakini mwanangu, si niliinunua?"

Mpangaji asiyejua kuwa ni mpangaji

Mashine aliinunua. Windows hakuinunua, na wewe pia hujainunua, hata ukiwa na risiti.

Tutenganishe vitu viwili. Kompyuta ni kifaa: chuma, plastiki, waya. Ukikinunua ni chako, unaweza kukiuza, kukipasua, kukiwekea kuku watagie. Programu ni yale maandishi yanayokiambia kifaa kifanye nini. Ya aina ya Windows, unapoilipia, hupewi maandishi yenyewe. Unapewa leseni, yaani ruhusa ya kuyatumia kwa masharti ya mwenyewe. Masharti ndiyo yale marefu unayoyapita kwa kubofya "nakubali".

Ni upangaji. Umelipa, umekabidhiwa ufunguo, unalala, unapika. Huvunji ukuta, huuzi chumba, na mwenye nyumba akitaka kubadili geti habishani na wewe. Tofauti ni kwamba mpangaji wa Manzese anajua kuwa ni mpangaji. Mpangaji wa programu ameambiwa "nunua", akatoa hela ya kununua, akaondoka akijiita mwenye nyumba.

(Na kwa upande wa huyu mama kulikuwa na kituko juu ya kituko. Pembeni kulia mwa skrini yake kulikuwa na yale maandishi hafifu yanayodai Windows iamilishwe. Fundi "alimpigia Windows" miaka iliyopita kwa elfu kumi na tano. Huyo ni yule dalali anayekupangisha chumba kisicho chake: hela umetoa kwa haki kabisa, mkataba huna.)

Sheria za hapa zinailinda programu kama zinavyolinda maandishi mengine. Tanzania ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ni Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ila swali la kununua au kupanga limewatoa jasho hata majaji. Marekani, mtu mmoja aitwaye Timothy Vernor alinunua kopi zilizotumika za AutoCAD, ile ya wachora ramani za majengo, akaziuza kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay. Kampuni ya Autodesk ikamzuia. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema kampuni ina haki: aliyelipia kopi zile mwanzo alipewa leseni tu, na asiye mwenye mali hawezi kuuza. Miaka miwili baadaye, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kesi ya kampuni ya programu ya Oracle na UsedSoft, muuza leseni zilizotumika, kinyume chake: mwenye programu akishapokea hela akatoa leseni isiyo na kikomo, hiyo ni mauzo, na mnunuzi anaweza kumuuzia mwingine. Kitendo kilekile, bahari moja katikati, majibu mawili.

Mambo yakiwa hivyo, haishangazi kwamba kuna watu wamewahi kuamka na kukuta "mali" yao haipo. Julai 2009 kampuni ya Amazon waliingia kwa mbali kwenye Kindle, vifaa vya kusomea vitabu, vya wateja wao wakafuta vitabu viwili vya George Orwell, kimoja wapo kile ambacho wengi wetu tulikisoma kama Shamba la Wanyama. Aliyekuwa ameviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Hela ilirudishwa, Jeff Bezos, bosi wao wa wakati huo, akaomba radhi. Fikiria sasa muuza vitabu wa pale Posta anakuja usiku chumbani kwako, anachukua kitabu kwenye shelfu, anaacha noti mezani. Ungemwita mwizi hata kama noti ni halali.

Au mchezo wa magari wa The Crew, wa Ubisoft, uliotoka 2014. Machi 31, 2024 kampuni ilizima seva zake, yaani kompyuta za mbali zinazouendesha, na kwa kuwa mchezo haukuweza kwenda bila seva, ukafa kwa kila aliyeulipia, hata mwenye diski kabatini. Kelele za wachezaji zikazaa kampeni ya kupinga michezo kuuawa hivyo, iliyofikisha saini zaidi ya milioni moja Ulaya Julai 2025. California nao walishatunga sheria, inatumika tangu Januari 1, 2025: muuza bidhaa ya kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria hiyo hairudishi haki yoyote iliyopotea. Inalazimisha ukweli usemwe dirishani kabla ya hela kutoka, na mimi naona hata hilo ni hatua.

Chupa ya mganga

Ili tuendelee lazima tujue msimbo ni nini. Wengine huandika "kodi", neno ambalo kwetu tayari lina kazi mbili, ya TRA na ya mwenye nyumba, kwa hiyo nitabaki na msimbo.

Umeenda kwa mganga wa tiba asilia. Amekupa chupa ya maji ya zamani imejaa kitu cha kahawia, kifuniko kimefungwa na kipande cha nailoni. "Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni." Unapona. Ukimuuliza kuna mizizi gani humo anacheka tu. Mwenyewe anajua: muarobaini kiasi hiki, mlonge kiasi hiki, chemsha mpaka ipungue nusu. Huwezi kuitazama chupa ukajua. Akifa, au akihamia Tunduru, dawa imekwisha.

Msimbo ni ile orodha ya mizizi na vipimo, imeandikwa kwa lugha ambayo mwandishi wa programu mwingine anaweza kuisoma na kuirekebisha. Programu unayopakua kwenye simu ni chupa: imeshachemshwa, ikageuzwa kuwa namba ambazo mashine inazimeza lakini binadamu hazisomi. Windows ni chupa. WhatsApp ni chupa.

Mwaka 1980 hivi, katika maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani, kijana aitwaye Richard Stallman aliudhiwa na printa. Printa ya zamani ilikuwa inakwama karatasi kama zote, lakini alikuwa na msimbo wake, akaongeza mistari michache ili ikikwama iwatumie ujumbe watu wanaosubiri kazi zao. Ikaja printa mpya kutoka Xerox, ya kisasa, nayo inakwama vilevile. Safari hii ilikuja chupa peke yake, msimbo hakuna. Alipomfuata msomi wa chuo kingine aliyekuwa nao, akaambiwa: nimeshasaini kutompa mtu. Kwa mtu wa steshenari hiki ni kisa kinachoeleweka moja kwa moja. Printa imekwama, mwenye uwezo wa kuirekebisha yupo hapo hapo, na kinachomzuia ni saini ya mtu.

Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kuendesha kompyuta ambao kila mtu ana haki nne juu yake: kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma na kuubadili, kuugawa kopi, na kuigawa ile uliyoibadili. Programu yenye haki hizo nne inaitwa programu huria. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaleta kiini kilichokosekana, kile kinachoongea na kifaa chenyewe, Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Vikaungana, na mfumo mzima ukazoeleka kuitwa Linux.

Soko huria halitoi bidhaa bure

Waingereza wamehangaika miaka arobaini na neno lao moja lenye maana mbili, la kutolipa na la uhuru. Sisi lugha ilishatupa maneno mawili, halafu tukajitia matatani kwa hiari yetu kwa kuyachanganya.

Huria tunalijua. Tuna soko huria tangu enzi za Mzee Ruksa, na hakuna aliyewahi kwenda Kariakoo akadhani kwa sababu soko ni huria basi vitenge ni bure. Tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wake wanalipa ada. Huria inahusu mlango kuwa wazi. Bure inahusu bei, na ina maana yake ya pili ambayo babu zetu hawakuiweka kwa bahati mbaya: kazi bure.

WhatsApp ni bure na si huria. Hulipi senti, lakini huwezi kuona ndani, huwezi kuibadili, huwezi kuendesha yako. Upande wa pili, kampuni ya Red Hat ilijenga utajiri kwa kuuza huduma juu ya Linux, hadi IBM wakainunua kwa dola bilioni 34 mwaka 2019. Huria kabisa, na hela inaingia.

Kwetu huria ilifika mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Leseni ilishawapa haki ya kubadili, wakabadili. Halafu 2010 Oracle wakainunua Sun, kampuni iliyokuwa inailea OpenOffice, na waandishi wake wakaona dalili hazipendezi. Wakachukua msimbo wakaondoka nao, wakauita LibreOffice. Oracle hawakuwa na la kuwafanya, na LibreOffice ndiyo iliyo hai leo. Mteja wa Windows 10 hana njia hiyo. Hata wakijikusanya mafundi wote wa Kariakoo na wa River Road, Nairobi, wakasema tutaendelea kuiziba matundu wenyewe, chupa hairuhusu.

Hapa huwa napigwa maswali, na baadhi ni ya haki.

La kwanza: kitu cha huria si kitakuwa hafifu? Simu yako ya Android imekaa juu ya Linux. Kompyuta 500 zenye kasi kuliko zote duniani, zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Na takwimu za zahanati unazosikia wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wakizisoma, nyingi zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza 2004 ikitokana na kazi iliyokuwa inafanyika Eldoret.

La pili ni gumu zaidi: kama kila mtu anauona msimbo, mwizi naye si anauona? Anauona. Machi 2024 karibu tupigwe wote. Kuna kipande kidogo cha programu ya kubana mafaili kinaitwa xz, kimo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na kilikuwa kinatunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Akajitokeza "msaidizi", mpole, mchapakazi, akafanya kazi nzuri zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa funguo. Akapachika mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva kwa wingi usiosemeka. Aliyemkamata ni mhandisi Andres Freund, ambaye hakuwa anatafuta mwizi. Aliona tu kuingia kwenye seva yake kunachelewa kama nusu sekunde, jambo likamkera, akachimba, akafika kwenye msimbo. Kisa hiki kina pande mbili na sipendi watu wanapokitaja kwa upande mmoja. Uwazi ndio uliomruhusu mwizi aje kama msaidizi. Uwazi huohuo ndio uliomruhusu mtu aliyekereka, asiye mfanyakazi wa mradi, achimbe mpaka chini. Na yule aliyeachiwa kazi peke yake ndiye tatizo ambalo ulimwengu wa huria bado haujalitatua: wengi tunakula, anayepika mmoja.

La tatu, nililisikia kwa mwanafunzi wa IT kabisa: huria maana yake haina mwenyewe. Ina mwenyewe, na anaweza kukushitaki. Leseni ya GNU inasema tumia, badili, uza ukitaka, ila ukigawa ugawe na msimbo. Kampuni ya Linksys waliuza ruta, vile vifaa vya kugawa intaneti, zilizojaa Linux bila kutoa msimbo. 2003 walipobanwa waliutoa, na humo ndimo ulimozaliwa mradi wa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, ambao mafundi wa mtandao wanautumia hadi leo. Leseni nyingine za huria ni laini zaidi, zinakuruhusu hata ufunge chako. Hizo zipo nyingi, zina majina yao.

Na kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli la leseni? Windows iliyovunjwa si huria hata chembe. Ni chupa ileile, imepita mikononi mwa mtu wa tatu aliyeifungua kifuniko usiku. Familia ya virusi vya Djvu, vinavyofunga mafaili na kudai fidia, imeenea sana kupitia kraki za namna hiyo. Nimeshaona laptopu ya mwanafunzi imefungwa tasnifu nzima, wiki mbili kabla ya kuikabidhi. Kraki aliipata bure. Hapo ile maana ya pili ya neno ilijionyesha.

Ufunguo uko mfukoni mwa nani

Ukitaka kuiona tofauti ya kulipa na kumiliki, angalia simu za mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kila siku kwa simu hiyohiyo, na ukichelewa skrini inajifunga, inabaki namba ya kulipia na ya dharura. Ndani yake kuna programu ya mkopeshaji iliyopewa mamlaka ya juu kuliko yako wewe unayeishika.

Wakati deni lipo, mimi sina ugomvi na mkopeshaji. Bila kufuli hilo, vijana wengi wa bodaboda wasingeikamata simu janja kabisa. Ugomvi wangu unaanza deni linapokwisha. Jirani yangu dereva wa bodaboda alimaliza malipo yake Ijumaa jioni, meseji ya pongezi ikaingia. Jumamosi simu ikajifunga. Kampuni siitaji; walimwambia mfumo unachelewa kusoma, avumilie. Ilifunguka Jumatatu mchana. Siku mbili na nusu hakupata abiria wa kwenye programu hata mmoja, na simu ilikuwa mali yake kwa karatasi zote. Kisheria alishakuwa mwenye nyumba. Ufunguo ulikuwa bado kwa mwingine.

Swali hilohilo la ufunguo ndilo la kulibeba unaposikia habari za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo Kenya. Kila wiki kampuni fulani inatangaza mfumo wake ni "wazi". Meta, wenye WhatsApp, walitoa mfumo wao wa Llama 2 Julai 2023, ukapakua, ukaendesha kwako. Lakini leseni yake ina orodha ya matumizi yaliyokatazwa, na kampuni yenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi lazima ikaombe ruhusa. Haki ya kwanza kati ya zile nne, kutumia kwa kazi yoyote, imeshaanguka. DeepSeek wa China walipotoa R1 yao Januari 2025 waliweka leseni laini kweli, fanya utakalo. Hata hivyo data iliyotumika kuifundisha hawakuitoa. Turudi kwa mganga: amekupa dumu zima la dawa, amekuruhusu uongeze asali, uuze kwa jina lako, lakini mizizi hajaitaja. Ni hatua kubwa kuliko chupa ya kufungwa na nailoni. Taasisi inayosimamia maana ya chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi, ilitoa ufafanuzi wake kuhusu akili mnemba Oktoba 2024 ikitaka maelezo ya data yawepo, na mabishano hayajaisha mpaka leo. Ukisikia neno "wazi" kwenye habari, uliza ni kipi kilichofunguliwa.

Kwa mama tulifanya hivi. Ana mashine tatu. Moja ilikuwa changa ya kutosha, ikapokea Windows 11. Ya pili nikaikata intaneti, ikabaki ya kuskani tu. Ile ya kuprintia, iliyoanzisha maneno yote haya, nikaipiga Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye fleshi, dakika ishirini na tano kwa saa ya ukutani. Sitasema ilikuwa asali. Printa ilitambuliwa yenyewe kabla sijaigusa. Skana ilinila mchana mzima mpaka nikaikubali imenishinda. CV ya mteja wa kwanza, iliyoandikwa kwa Word, ilipofunguliwa kwenye LibreOffice mstari mmoja uliangukia ukurasa wa pili, na mwenyewe akatuangalia kama tumemharibia ajira. Sasa wateja wanaambiwa walete PDF, na walio wengi wanaleta.

Wiki ya kwanza watu waliikwepa. Walipanga foleni kwenye ile ya Windows 11 huku nyingine imekaa bure, kwa sababu tu menyu yake ina rangi ya kijani. Mama akachukua makapeni, akaandika kwenye karatasi ya A4 akaibandika juu ya skrini: HII PIA INAPRINTI.

Juzi yule kijana wa duka la jirani alikuja kuomba ile fleshi ya Mint. Mashine zake za Dubai, baadhi nazo ni za kabla ya kizazi cha nane. Nikampa, nikamwambia anakili na asiharakishe kurudisha.

"Na atakuwa anawapigia watu kwa shilingi ngapi?" mama akauliza, bila kuinua macho kwenye karatasi alizokuwa anazipiga pini.

Nikamwambia apange bei anayotaka, leseni inamruhusu.